API inayomsahau mteja kila ombi la pili

Dalili za API (mlango ambao programu nyingine hutumia kuomba huduma kwenye seva) ya namna hii ni hizi: mteja anaingia vizuri, ombi linalofuata linarudisha 401 (jibu la "hujaingia"), la tatu linapita, la nne 401 tena. Seva ziko mbili nyuma ya HAProxy, programu inayogawa maombi kati ya seva, zinapokea maombi kwa zamu, na sesheni (rekodi ya kwamba mteja ameingia) imekaa kwenye kumbukumbu ya seva moja tu.

Wengi hukimbilia kuki, alama ndogo ambayo mteja huirudisha kwa kila ombi ili HAProxy impeleke kwenye seva ileile:

backend api
  balance roundrobin
  cookie SEVA insert indirect nocache
  server s1 10.0.0.11:8080 check cookie s1
  server s2 10.0.0.12:8080 check cookie s2

Kwa kivinjari hapo umemaliza. Kwa API bado, kwa sababu programu nyingi zinazoiita hazitunzi kuki. curl, programu ya kutuma maombi kwa amri, huitupa kuki usipoiwekea -c na -b. Maktaba ya requests ya Python nayo haiibebi hadi ombi linalofuata, isipokuwa umetumia Session. Kabla ya kugusa mipangilio ya seva, tazama ombi la pili la mteja: je, kuki ya SEVA imo?

Kumfunga mteja kwa IP sikushauri. ip_hash ya nginx, kigawa maombi kingine, hutazama namba tatu za mwanzo tu za anwani ya IPv4, na simu za mtandao mmoja mara nyingi hutokea kwenye anwani chache za pamoja. Seva moja itaelemewa huku nyingine ikipiga miayo. Tena simu ikihama kutoka data kwenda Wi-Fi, anwani inabadilika na mteja anahama seva.

Kama programu za wateja ziko mikononi mwako, zitume kitambulisho kwenye vichwa vya ombi (maelezo yanayotangulia ombi lenyewe), na HAProxy ichague seva kwa hicho:

  balance hdr(X-Mteja)
  hash-type consistent

Usitumie kichwa cha Authorization kwa kazi hii ikiwa tokeni (ufunguo wa mteja) iliyomo hubadilishwa kila baada ya muda: tokeni mpya, seva mpya. Na usiache mstari wa pili. Bila huo, ukiongeza seva ya tatu, wateja wengi watahamishwa kwa mkupuo. Ombi lisilo na kichwa hicho litagawiwa kwa zamu kama zamani, na hapo 401 zitarudi kimyakimya.

Ukitaka kutoa s1 kwa matengenezo, iweke katika hali ya drain, yaani isipewe wateja wapya. Wenye kuki ya s1 wataendelea kuhudumiwa nayo. Wanaogawiwa kwa kichwa watahamia s2 papo hapo, bila sesheni zao. Seva ikizima ghafla, mpangilio wa option redispatch huliokoa ombi kwa kulipeleka seva nyingine, lakini sesheni imekwenda nayo.

Ndiyo maana naona kufungamanisha mteja na seva ni kiraka tu. Roy Fielding alipoieleza REST, mtindo wa kubuni API, mwaka 2000, aliweka sharti kwamba kila ombi libebe yote linayohitaji ili lieleweke. Ukishindwa kufika huko, hamishia sesheni kwenye Redis, hifadhi ya pamoja ambayo seva zote huisoma, na uipe sesheni muda wa kuisha, dakika 30 kwa mfano. Kisha jaribu: ingia, zima s1, tuma ombi lilelile. Likirudi 401, kuna kitu bado kimebaki ndani ya seva.