Kwenda kuchora baharini na marafiki: ratiba iachieni bahari

Ndugu, umesema mko marafiki sita, mmepata siku nne za kukaa ufukweni kwa ajili ya kuchora tu, wawili kati yenu hawajashika brashi tangu utotoni, na unachohofia ni kurudi na picha za simu badala ya michoro. Mimi na wenzangu sita tumeshafanya safari za namna hii mara tano. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu safari ya kwanza tuliiharibu kwa mikono yetu na nisingependa yawakute yaliyotukuta.

Kilichotuponza ni ratiba. Asubuhi tuko kwenye ghuba, mchana kwenye mnara wa taa, jioni bandarini, kesho yake mahali pengine kabisa. Kila tulipofika nusu saa ilikwisha kutafuta pa kukaa, nusu saa nyingine kupanga vifaa, na macho yakianza kuzoea mahali tu, mtu anaangalia saa anasema twende. Siku tatu, sehemu nane, na hakuna aliyemaliza mchoro hata mmoja.

Tangu hapo tunachagua sehemu moja, na mbili zikizidi sana. Halafu natafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la sehemu hiyo, na hilo ndilo ratiba. Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na toka yalipojaa mpaka yajae tena hupita kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Kama leo miamba uliyoipenda inatoka nje saa mbili asubuhi, kesho itatoka karibu saa tatu kasoro dakika kumi, na siku ya nne mtaisubiri hadi saa nne na nusu. Lakini jua linakuwa palepale kila siku kwa saa ileile. Yaani mwanga unafuata jua, maji yanafuata mwezi, na vitu hivyo viwili vinapishana kidogo kila siku. Ukikaa mahali pamoja siku nne unapata miamba ileile chini ya jua la pembeni, kisha jua lililopanda kidogo, kisha lililopanda zaidi. Huhitaji kuhama. Bahari yenyewe inakubadilishia mandhari.

Kabla ya kupanga tarehe, angalia pia mwezi. Siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu kuna bamvua: maji yanakwenda mbali sana na yanarudi juu sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Kwa kundi lenye wageni wa brashi mimi nachagua maji mafu. Unachokiona unapoanza kuchora kinabaki karibu vilevile saa moja baadaye, na anayejifunza hakati tamaa.

Bamvua nimeiheshimu tangu safari ya pili. Mwenzetu mmoja alikaa juu ya mwamba mpana, uso kuelekea baharini, akili yote iko kwenye karatasi. Alikuwa anayaona maji mbele yake, yako mbali. Asichokiona ni kwamba nyuma yake kulikuwa na mfereji wa mchanga ulio chini kuliko ule mwamba, na maji yalikuwa yanajaza huo mfereji kwanza. Tulipopiga kelele, tayari yalikuwa yanafika mapajani. Tulimtoa salama, tukapoteza begi lenye rangi. Claude Monet, mchoraji Mfaransa aliyetumia miaka mingi kuchora bahari, aliyakosea mahesabu hayohayo mwaka 1885 kule Étretat, Ufaransa: wimbi lilimbamiza kwenye jabali, likamnyang'anya turubai la kuchorea na vifaa. Basi kabla hujakaa, geuka uangalie nyuma yako ni juu au chini kuliko unapokaa. Na mtu mmoja awe na saa, apige mluzi saa moja kabla maji hayajageuka.

Sasa kuchora kwenyewe. Wale wawili wataanza kupaka buluu kila mahali, kwa sababu kila mtu anajua bahari ni ya buluu. Usiwape somo. Waambie waangalie maji ya miguuni kwao, halafu ya katikati, halafu ya mwisho kabisa kwenye upeo wa macho, na waseme wanaona rangi gani. Ya miguuni unayatazama kutoka juu, kwa hiyo unaona chini: mchanga, mawe, mwani. Ya mbali unayatazama kwa mshazari, nayo yanakurudishia rangi ya anga. Wimbi linapoinuka kabla ya kuvunjika, sehemu yake ya juu huwa nyembamba na mwanga unapenya, ndipo unapoona ule ukijani wa chupa. Povu nalo si jeupe lote. Lililo kivulini lina kijivu chenye ubuluu ndani yake, kwa hiyo weupe wa karatasi mwache ule mdogo tu unaopigwa na jua.

Wimbi linawatisha watu kwa sababu halisimami. Lakini wimbi huvunjika maji yanapokuwa na kina cha kama mara 1.3 ya kimo chake, na kina cha maji hakibadiliki sana ndani ya dakika chache. Mawimbi ya kimo kimoja yatavunjika kwenye mstari uleule. Usilifukuze wimbi kwa macho. Kazia macho mahali pamoja, acha mawimbi ishirini yapite hapo bila kugusa karatasi, na la ishirini na moja mkono utakuwa unalijua.

Kaeni kivulini, hili nasisitiza. Si kwa ajili ya ngozi tu. Karatasi nyeupe ikipigwa na jua inang'aa mno, macho yanajikunja, na wewe bila kujua unaongeza giza kwenye rangi zako. Ukiingia ndani jioni unakuta mchoro umezubaa kama umefunikwa na vumbi. Mwavuli uwe mweupe au wa kijivu. Mwavuli mwekundu utawapa bahari yenye wekundu.

Vifaa sitavirefusha. Kwa anayeanza, rangi za maji: karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba ili isikunjamane, brashi mbili, utepe wa karatasi wa kubandikia kingo, na rangi sita zinatosha. Kati ya hizo sita lazima iwemo buluu ya ultramarini na ile kahawia nyekundu inayoitwa siena ya kuchomwa. Zichanganye zenyewe mbili: zinatoa kijivu cha mawingu na cha miamba, na chembe za ultramarini zinatulia kwenye vishimo vya karatasi, zinaacha punje kama za mchanga. Kila mtu abebe maji yasiyo na chumvi lita moja ya kuchorea, mbali na ya kunywa. Maji ya bahari yanaacha chumvi kwenye karatasi na yanaozesha pete ya chuma ya brashi. Akriliki inakauka kwenye upepo kabla hujachanganya vizuri. Rangi za mafuta zinapendeza sana, ila mchanga unanasa humo: kuna mchoro wa Monet wa ufuko wa Trouville wa mwaka 1870, uko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London, na punje za mchanga wa siku ile bado zimo kwenye rangi. Maji machafu ya brashi na tapentaini ya kuyeyushia rangi za mafuta msimwage ufukweni, rudini nayo kwenye chupa.

Kitu kingine ninachokipenda nimekipata kwa Eugène Boudin, yule aliyemtoa Monet kijana ndani akaenda kuchora naye nje. Alikuwa anaandika pembeni ya michoro yake tarehe, saa na upepo. Sisi tunaongeza na hali ya maji: yanajaa au yanapwa. Mwaka mzima baadaye unaposhika kile kikaratasi, siku yenyewe inarudi.

Halafu urafiki. Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, kuliko kwenye rangi. Safari yetu ya pili mmoja wetu aliyesomea sanaa alikuwa anapita nyuma ya kila mtu akisahihisha. Alikuwa na nia njema, na mengi aliyosema yalikuwa kweli, lakini siku ya pili wawili walifunga rangi zao wakasema wanapumzika. Tukakubaliana mambo mawili na tumeyashika mpaka leo. Wakati wa kuchora hakuna anayepita nyuma ya mwenzake bila kuitwa. Jioni michoro yote inapangwa chini ukutani, hata iliyoharibika, tunaiangalia kimya dakika tano, kisha kila mtu anasema alichokuwa anakitafuta. Wengine wanauliza tu. Ushauri unatolewa kwa aliyeuomba.

Kwenye kikao kama hicho mwenzetu mmoja, ambaye alikuja kwa ajili ya kutusindikiza tu, aliweka karatasi yenye ukanda wa mchanga uliolowa na alama ya mguu mmoja, basi. Kuzunguka ule mguu alikuwa ameacha duara lililopauka. Tulimuuliza ni nini. Akasema ukikanyaga mchanga uliolowa, pembeni mwa mguu panapauka ghafla kama pamekauka, kisha pananyweshwa na kuwa peusi tena, na alikuwa amekanyaga asubuhi nzima ili apaone vizuri. Kesho yake alfajiri tulitoka wote saba kwenda kukanyaga mchanga. Ni kweli. Punje zikisukumwa na mguu zinaachana kidogo, maji ya juu yanazama katikati yake, na kwa sekunde chache unakanyaga pakavu. Miaka yote ile nilikuwa napita juu yake. Ule mchoro ninao mimi, alinipa, na pembeni ameandika kwa penseli: saa moja na robo, upepo hakuna, maji yanapwa.

Mkishapata tarehe, angalia mwezi utakuwa wapi siku hizo, kisha niandikie hapa pamoja na saa za maji kujaa. Nitakuambia saa gani ningekaa, na nikitazama upande gani.