Asidi ikizidi mwilini figo inaumiaje? Pima baikaboneti, acha kubahatisha

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama asidi nyingi inaua figo, na kama limao au magadi vinaisafisha.

Kiungulia weka pembeni, hiyo ni asidi ya tumboni. Inayohusu figo iko kwenye damu: ni mabaki ya chakula, hasa nyama, samaki na mayai. Mtu wa kilo 70 hutengeneza kama milimoli 70 kwa siku, na figo huitoa kwa mkojo.

Figo nzima inaimudu kazi hiyo. Shida ni figo iliyokwisha kuchoka kwa kisukari au presha. Vichujio vilivyobaki hubeba mzigo wa vilivyokufa. Kila kimoja hutengeneza amonia nyingi kupita kawaida ili kuitoa asidi, na amonia hiyo ikirundikana inaleta uvimbe na makovu ndani ya figo. Ndipo figo inazidi kufa. Huku nyuma mifupa inapoteza madini na misuli inaisha, na mgonjwa hasikii kitu. Akianza kuhema haraka na kwa kina akiwa amekaa tu, mkimbizeni hospitali.

Vikaratasi vya kupima asidi ya mkojo havitakusaidia, mkojo hubadilika kila mlo. Omba kipimo cha baikaboneti ya damu (kitu kinachozimua asidi; ikishuka, asidi imezidi), pamoja na kreatinini (taka inayoonyesha figo inavyochuja) na potasiamu (madini yanayogusa mapigo ya moyo). Baikaboneti ya kawaida ni milimoli 22 hadi 29 kwa lita. Chini ya 22 kwa mwenye ugonjwa wa figo ni ya kufuatilia. Chini ya 18 madaktari kwa kawaida hufikiria dawa. Jibu likikushangaza, rudia kipimo: chupa ya damu ikikaa wazi hewa ya kaboni hutoroka na namba husomeka chini kuliko ilivyo.

Limao, licha ya ukali wake, haliongezi asidi kwenye damu, lakini halitibu figo. Matunda na mboga hupunguza asidi kweli, ila potasiamu ikiwa imepanda, ndizi na machungwa yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Uliza kwanza.

Magadi ya kulainishia maharage msinywe, tafadhali! Si kitu kimoja na vidonge vya sodiamu baikaboneti: yana kaboneti kali na mara nyingi floraidi nyingi. Hata vidonge vyenyewe, 6 vya miligramu 500 kwa siku vina sodiamu sawa na iliyomo kwenye gramu 2 hivi za chumvi. Miguu ikivimba au presha ikipanda baada ya kuvianza, mrudie daktari apange dozi upya.