Sikuiba ile laki na arobaini, nilikuwa na mtoto mchanga

Juzi dada mmoja wa Kondoa kaniandikia, ana mtoto wa wiki saba, anasema anaingia jikoni anasahau kafuata nini, uji wa ulezi kautia chumvi mara mbili, anauliza dada hivi nachanganyikiwa? Nilisoma nikalia maana mi nimepita humohumo.

Mtoto wangu wa pili, siku 84 za likizo zilivyoisha tu nikarudi kazini, nilikuwa keshia duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma, naenda naye mgongoni. Jioni moja nafunga hesabu, laki na arobaini haipo. Bosi akasema mbele ya vibarua wanaopakia saruji, "umeanza kula hela yangu", na mshahara akakata. Siku ya tatu natoa kanga kwenye kibegi cha mtoto, hela hizo hapo katikati ya nepi, zimefungwa mpira vilevile! Bila shaka mtoto alilia nikaziweka mwenyewe, ila kichwani sikumbuki chochote, yaani chochote. Nikarudisha, akapokea, neno samahani mpaka leo sijalisikia na bado linaniuma.

Sasa nisikilizeni. Huko kusahau kuna sababu, usingizi wa kukatika, damu kupungua, homoni kushuka ghafla ukishajifungua. Watafiti wa Barcelona walipiga picha ubongo wa wanawake kabla ya mimba ya kwanza na baada ya kuzaa, majibu yakatoka 2016, kuna sehemu zinapungua ujazo na hata miaka 2 baadaye bado, ila walivyowapima kumbukumbu haikuwa imeshuka. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba uzazi umekufanya mjinga.

Kulia ni habari nyingine. Machozi ya siku za mwanzo kwa kawaida yanaisha ndani ya wiki 2, yangu yalienda miezi, mtoto namwangalia kama wa jirani. Nikanyamaza, maana mji huu ukitaja kichwa tu unaambiwa utapelekwa Mirembe, kule kwa wagonjwa wa akili, kana kwamba hospitali ni tusi. Nesi wa kliniki kampima mtoto uzito, kaacha kuandika kadi, kanitazama, "na wewe mama, unalala?" Nilishindwa kujibu. Matibabu yangu yalianzia kwenye lile swali.

Wamama, andikeni kila kitu, hela hesabu ukiwa umekaa, mtoto akilala na wewe lala. Na semeni jamani, semeni! Baba, amka usiku umpokee mtoto, siyo kuuliza mbona chakula kimechelewa. Ukianza kusikia sauti, au wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huohuo na mtu wa kukusindikiza.

Dada wa Kondoa, chumvi kwenye uji hainitishi. Ila mwisho wa meseji umeandika huna hamu hata ya kumbeba, hapo ndo nimeshtuka. Kesho asubuhi nenda kliniki, na umwambie nesi kabla hajamweka mtoto kwenye mzani.