Maswali ya Wasomaji: Anime ipi inafaa kununuliwa kwa DVD?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nimekuwa mpenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, tangu nikiwa shule ya msingi, na kwa sasa hutazama kwenye simu kwa akaunti ambayo binamu yangu huilipia. Nimeweka akiba kidogo na ningependa kuanza kununua DVD halisi, ila fedha zenyewe hazitoshi kununua kila ninachokipenda. Ninasitasita baina ya Naruto yote, Fullmetal Alchemist, Cowboy Bebop na Monster. Nianze na upi, na nitajuaje kwamba mfululizo fulani unastahili fedha zangu?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Ndugu msomaji, kati ya hiyo minne, anza na Cowboy Bebop. Katika kueleza sababu nitakuwa ninajibu pia swali lako la pili, ambalo kwa hakika ndilo kubwa zaidi.

DVD hununuliwa ili itazamwe tena. Anayetaka tu kujua hadithi inaishia wapi ataijua kwa akaunti ya binamu na bando la wiki, kwa gharama iliyo chini sana ya bei ya kisanduku cha DVD kilichosafirishwa kutoka Uingereza au Marekani. Kwa hiyo usinunue mfululizo ambao hujautazama hadi mwisho, hata marafiki wausifu namna gani, kwa maana anime nyingi huanza kwa kishindo kisha hulegea zikikaribia tamati. Jiulize badala yake ni vipindi vipi ambavyo umewahi kuvirudia pasipo mtu kukuomba. Cowboy Bebop, ulioongozwa na Shinichirō Watanabe na kuanza kuonyeshwa Japani mwaka 1998, una vipindi 26 tu, na vingi kati ya hivyo ni hadithi zinazojitegemea, kiasi kwamba unaweza kutoa diski moja jioni, ukatazama kipindi kimoja na kuirudisha bila kuhisi umekatiza jambo. Muziki wa Yoko Kanno pekee unatosha kumrudisha mtu. Isitoshe, sauti za Kiingereza za mfululizo huu zilifanywa kwa ustadi mkubwa, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu anime nyingi za wakati ule.

Naruto ni jambo jingine kabisa. Mfululizo wa kwanza una vipindi 220, na Shippuden una 500. Ukivitazama vyote 720 utakuwa umekaa mbele ya televisheni kwa takriban saa 280. Zaidi ya hayo, katika ule wa kwanza, kuanzia kipindi cha 136 hadi karibu na mwisho, sehemu kubwa ni hadithi za kujazia, zilizotungwa ili kuipa nafasi katuni ya kitabuni, ambayo ndiyo chanzo, itangulie mbele. Najua wapenzi wa Naruto hawapendi kuambiwa hivi, lakini sioni kwa nini mtu alipie visanduku vizima vya vipindi ambavyo hata yeye mwenyewe huviruka. Ukiwa na hamu isiyozuilika, nunua kile kisanduku chenye sehemu unayoipenda, uache mingine.

Kuhusu Monster, tahadhari yangu ni ya aina nyingine. Hadithi yake ya daktari wa upasuaji Mjapani nchini Ujerumani ni miongoni mwa zilizopangwa kwa uangalifu mkubwa, na kwa vipindi vyake 74 inastahili rafu ya mtu yeyote. Hata hivyo, nchini Marekani kampuni ya Viz ilitoa kisanduku kimoja tu mwaka 2009, chenye vipindi 15, kisha ikakomea hapo. Kabla ya kununua kisanduku cha kwanza cha mfululizo wowote, hakikisha kwanza kwamba cha mwisho kilichapishwa na bado kinapatikana, kwa sababu hadithi iliyokatika katikati haina faida kwenye rafu.

Fullmetal Alchemist ni jina la mifululizo miwili inayochanganywa kila mara. Wa mwaka 2003 una vipindi 51 nao uliunda mwisho wake wenyewe, kwa kuwa katuni ya kitabuni ilikuwa haijakamilika. Wa pili, unaoitwa Brotherhood, ulianza mwaka 2009, una vipindi 64 na unafuata kitabu hadi tamati. Soma jalada vizuri. Binafsi ningenunua wa 2003 kwa DVD na kuuacha Brotherhood kwa akaunti ya binamu, na sababu yake ni picha. Picha ya DVD ina mistari 576 kwa mfumo wa PAL, au 480 kwa mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani, ilhali televisheni za siku hizi huonyesha mistari 1080 au zaidi. Anime nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitengenezwa kwa kompyuta kwa ukubwa unaokaribiana na huo wa DVD, hivyo diski haipotezi mengi. Zilizotengenezwa baadaye kwa picha pana na kali hupungua sana zikiwekwa kwenye DVD, na kwa hizo mtandao utakupa picha bora kuliko diski uliyoilipia.

Huenda ukauliza basi kwa nini mtu anunue diski hata kidogo. Sababu ni kwamba kilichomo mtandaoni si chako. Neon Genesis Evangelion ulipoingia Netflix mwaka 2019, watazamaji nje ya Japani waliukuta bila ule wimbo wa kufungia uliozoeleka na ukiwa na sauti mpya za Kiingereza, wakati wenye DVD za zamani waliendelea kuutazama kama walivyoufahamu. Mwezi Aprili 2024 huduma ya kutazama anime mtandaoni ya Funimation ilifungwa, na nakala za kidijitali ambazo wateja walizipata pamoja na diski zao hazikuhamishiwa Crunchyroll, huduma iliyochukua nafasi yake. Diski zenyewe zilibaki mikononi mwa wenyewe. Anime ambayo ungeumia ukiikosa siku haki zake za kuonyeshwa zitakapokwisha ndiyo ya kununua.

Kabla ya kuagiza, tazama alama ya eneo nyuma ya jalada, yaani namba inayoonyesha deki za nchi zipi zinaweza kuisoma diski. Kenya imo katika eneo la 5, Marekani ni 1, Uingereza na Japani ni 2. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, husoma maeneo yote, lakini mwombe muuzaji akuthibitishie kwa kuweka diski ya kigeni mbele yako. Ukitumia kompyuta, kumbuka kwamba kisomaji chake cha DVD kwa kawaida huruhusu kubadilishwa eneo mara 5 tu, kisha hujifunga. DVD za Japani ziache kabisa: mara nyingi hubeba vipindi vichache kwa bei ya juu, na hazina tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Mwisho, weka akiba ya usafirishaji na ushuru wa forodha, maana kisanduku kilichoonekana rahisi kinaweza kuwa ghali kikifika posta.

SWALI: Mwanangu wa miaka 10 anaomba nimnunulie DVD za anime kwa ajili ya likizo. Mimi huziona kama katuni za watoto, lakini dada yangu ananionya. Nimsikilize?
Mama, South C

JIBU: Mama, msikilize. Anime hutengenezwa kwa watu wa rika zote, na Death Note, kwa mfano, unamhusu mwanafunzi anayeua watu kwa kuandika majina yao daftarini. Angalia kiwango cha umri: Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, KFCB, hutumia alama za GE, PG, 16 na 18, na diski zilizotoka Uingereza huwa na alama za huko, U ikiwa ndiyo ya watu wote. Kwa mtoto wa umri huo napendekeza Cardcaptor Sakura, ambao mhusika wake mkuu naye ana miaka 10. Una vipindi 70. Tahadhari tu na toleo liitwalo Cardcaptors, ambalo lilikatwakatwa na kupangwa upya kwa ajili ya Marekani.

SWALI: Kuna duka katikati ya jiji linaloniuzia mfululizo mzima kwenye DVD moja au mbili kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa nini nilipe zaidi?
Msomaji, Kayole

JIBU: Ndugu yangu, diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ambazo zinatosha takriban saa mbili za picha nzuri, yaani vipindi vinne au vitano. Anayesokomeza vipindi 40 humo hana budi kuzibana picha hadi zigeuke vipande vya mraba kila mtu anapokimbia au usiku unapoingia, na katuni, yenye rangi zilizotulia, huonyesha kasoro hizo upesi kuliko filamu ya waigizaji. Diski za kuchomwa, yaani zilizorekodiwa kwa kompyuta, hutegemea rangi inayochakaa kwa joto na mwanga, ilhali za kiwandani hupigwa chapa ndani ya plastiki. Kuna pia suala la sheria, kwani kazi halali zinazouzwa nchini zinatakiwa kuwa na kibandiko cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na nakala za duka hilo hazimlipi chochote aliyechora.

Wala usidhani kila kisanduku chenye jalada la kung'aa ni halisi. Geuza diski: ya kiwandani huwa na rangi ya fedha, ya kuchomwa huelekea zambarau au kijani. Soma tafsiri kwa dakika chache, kwa maana za bandia hubadilisha majina ya wahusika kutoka kipindi kimoja hadi kingine. Kisha mwombe muuzaji aweke diski ya mwisho na kukuchezea kipindi cha mwisho kabisa, si cha kwanza, kwa sababu cha kwanza ndicho ambacho kila mnunuzi hukijaribu.