Usizitie piko mvi zako: barua kwa mwanangu

Langoni, Amu

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza, na picha nimeiona. Umeniuliza mbona nywele zako nyeusi zinalala ukizichana, lakini mvi za mbele na za kwenye panja zinasimama kama makumbi, hazisikii mafuta wala kitana. Msusi wako wa huko Nairobi naye amekwambia dawa yake ni piko, ile rangi nyeusi wanayochorea maharusi. Unataka kujua mimi nafanyaje. Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu utanikatiza kabla sijafika mbali.

Piko usitie. Hilo nalitanguliza, sababu zake zinakuja.

Kuhusu umri usijitie hofu. Una miaka 41, na kwa sisi watu weusi mvi huanza kwa wengi katikati ya miaka ya 40. Za mapema huhesabiwa zile zinazotoka kabla ya 30. Zingekutoka ukiwa msichana ningekutuma hospitali ukapimwe damu, waangalie vitamini B12 na tezi ya shingoni. Wewe umerithi tu. Upande wa babako wote wana vichwa vyeupe, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Ugumu wake una sababu mbili zinazokutana. Unywele mweupe umekosa rangi kwa kuwa chembe zinazoitengeneza, kule kwenye shina lake ndani ya ngozi, zimechoka au zimekwisha. Na miaka hiyohiyo tezi za mafuta za kichwani nazo huanza kupunguza kazi, hasa mwanamke akikaribia kukoma hedhi. Nywele zetu za kipilipili tangu zamani zina taabu hii: mafuta hutoka kwenye ngozi, yakatakiwa yapite mapindo yote yale mpaka nchani, na hayafiki. Sasa hata hayo machache yamepungua. Ongeza hewa ya Nairobi, kavu, inayonyonya maji kwenye unywele usiku na mchana. Ukija huku unaona kinyume, nywele zinafura hata hujamaliza kushuka botini, maana unywele mkavu hunywa unyevu wa bahari ukavimba. Ukavu ni uleule.

Kwa hiyo usizing'oe. Watu husema uking'oa mmoja hutoka saba. Hilo si kweli, utatoka uleule mmoja, mweupe vilevile. Lakini ukizoea kung'oa unaliumiza shina, na mbele hapo ndipo wanawake wetu wanapopata upara kwa misuko ya kukazwa. Na hadithi ya Mtume unaijua, kwamba tusing'oe mvi, ni nuru ya Muislamu.

Nianze na maji, kwa sababu watu wengi huanza na mafuta. Kisima chetu cha uani unakikumbuka, maji yake ya chumvi, sabuni haitoi povu. Mimi kichwa sikioshi kwa maji yale. Naosha kwa maji ya mfereji, yale yanayotoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na masika yakifika nakinga ya mvua kwa ndoo. Maji yenye chumvi na madini huacha kitu juu ya unywele, ukaukwaruza mkono na ukapoteza weupe wake. Kama nyumba yenu inatumia kisima cha kuchimba, weka dumu la maji mazuri kwa ajili ya kusuuzia tu. Na shampuu mara moja kwa wiki yatosha, hata siku kumi si neno. Wewe unaosha kila ukitoka mazoezini, kisha unashangaa.

Mimi hutumia majani ya mkunazi, nayakausha kivulini, nayatwanga, nayakoroga na maji ya vuguvugu mpaka yatoe povu. Najua utasema yananuka maiti, kwa kuwa ndiyo tunayooshea maiti. Basi tumia shampuu yako, ila uifuatishe na kondishina kila mara, uiache kichwani dakika chache kabla ya kusuuza.

Sasa mafuta, na hapa nisikilize vizuri. Mafuta ya nazi hutiwa KABLA ya kuosha. Wewe unayapaka juu ya nywele kavu asubuhi ukitoka, yanakaa juu, yanakamata vumbi. Yatie usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Binti ya shangazi yako, yule aliyesomea famasia, alinisomea utafiti wa India wa mwaka 2003: walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, wakakuta ni ya nazi peke yake yaliyopunguza protini inayopotea kwenye unywele, yakitiwa kabla ya kuosha au baada yake. Yanapenya ndani, hayo mengine hubaki nje. Watafiti wenyewe walikuwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, na hilo ni vizuri kulijua. Lakini bibi yako hakuwa akiuza chochote, na alifanya hivyo.

Namna yake: gawa kichwa mafungu manne, yabane. Fungua moja. Lilowanishe kidogo kwa vidole vyenye maji, lisiwe la kutiririka. Chovya ncha za vidole vitatu kwenye mafuta, yasugue viganjani mpaka yapate moto, kisha anza kwenye NCHA za nywele, panda juu. Hapo kwenye mvi za mbele shika vijinywele vichache vichache, vipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, mpaka usikie vimeacha kukwaruza. Hilo ndilo la kungoja. Unywele mweupe mkavu una mikwaruzo unayoisikia kwa kidole hata kama huioni kwa macho, nao ukishapata maji na mafuta huteleza. Kisha chukua shanuo la meno mapana, kuanzia nchani tena, fundo kwa fundo. Kitana cha meno madogo mpe mumeo achanie ndevu. Ukimaliza sokota fungu, nenda la pili. Asubuhi uoshe.

Baada ya kuosha usisugue kwa taulo. Chukua leso kuukuu iliyolainika, ukamue kwa kubana. Zikiwa bado na maji tia tena mafuta kidogo mno, tone la ukubwa wa punje ya mbaazi kwa kichwa kizima, usuke mafungu makubwa yasiyokazwa, na funga kitambaa cha satini. Vile vya mbele vinavyosimama vitalala ukivifunga hivyo robo saa kabla ya kutoka. Na usivae ushungi juu ya nywele mbichi. Hutoa harufu na ngozi huwasha. Hata zikikauka, vaa kofia ya satini chini ya mtandio, kwa kuwa pamba hunyonya mafuta uliyoyatia na husuguana na nywele kutwa nzima. Nakuhakikishia nusu ya zile ulizodhani ni mvi fupi zinazoota ni nywele zilizokatika chini ya mtandio.

Umanjano niliouona kwenye mvi zako katika picha unatokana na moto. Unazipiga pasi, na unywele mweupe ukiungua huonekana mara moja, mweusi huficha. Jua na moshi navyo hugeuza rangi. Udi fukiza nguo na chumba, kichwa chako usikiinamie juu ya chetezo kama ulivyokuwa ukifanya siku za harusi. Kuna shampuu ya zambarau inayoua umanjano; inafaa, lakini mara mojamoja, si kila kuosha, itakukausha na kukuachia kivuli cha zambarau.

Nimefika kwenye piko. Poda ile nyeusi wanayochorea maharusi ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya asilimia 2 kwenye rangi inayogusa nywele, na kwenye ngozi hauruhusu kabisa. Hii ya kuuzwa kwa pakiti dukani nani ameipima? Nimemsuka bibi mmoja hapa mtaani aliyeitia kichwani siku ya Ijumaa. Jumapili macho hayakufunguka, na masikio yalitoa maji. Alikuwa ameitumia miaka bila tatizo. Ndivyo mwili ufanyavyo: unavumilia, siku moja unakataa, na ukishakataa hautakubali tena. Na ukitia dawa ya kunyoosha na rangi kwa pamoja, kama alivyokushauri huyo msusi, usishangae nywele zikibaki kwenye taulo. Kama huna budi utie rangi ya dukani, jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio ungoje saa 48.

Ukitaka rangi, tia hina. Abu Quhafa, babake Abu Bakr, aliletwa mbele ya Mtume siku ya kufunguliwa Makka kichwa chake cheupe pe, naye Mtume akaamrisha kigeuzwe rangi ila waepuke nyeusi. Masheikh wana maneno yao juu ya hapo, uliza huko. Mimi nakwambia ya hina yenyewe: hushikamana na unywele, haitoki kwa kuosha, na juu ya mvi hutoka rangi ya chungwa, haitakuwa nyeusi. Ukiambiwa hii ni hina nyeusi, imechanganywa. Ikande kwa chai nzito, ndimu ipunguze kwa sababu hukausha, na siku inayofuata utie mafuta. Na ukumbuke nywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi, kwa hiyo mstari mweupe utauona kabla ya wiki nne na utakuwa mtumwa wa bakuli la hina. Mimi niliacha zangu nyeupe. Nafsi yangu inapenda hivyo, sikulazimishi.

Nimekupikia mafuta. Nazi zilikuwa kavu nzuri, tui zito, nimelichemsha kwa moto mdogo mpaka mashapo yakawa rangi ya kahawia na mafuta yakasimama juu masafi. Chupa inatoka Mokowe kwa basi la kesho, nitakutumia jina la dereva. Huko kwenu yataganda, chini ya nyuzi joto 24 hugeuka meupe mazito. Usidhani yameharibika na usiyarudishe jikoni. Itumbukize chupa kwenye maji ya moto kidogo. Na chupa unirudishie, ni ile ya kioo.

Wasalimie wajukuu.

Mamako