Mzee amekataa kuzungumza, nibadilishe mada?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam. Nataka kuandika kuhusu Waomani waliozaliwa Zanzibar na sasa wanaishi Maskati. Nimepata fedha za wiki tatu tu. Msimamizi wangu hajajibu barua pepe tangu Januari. Mzee wa kwanza niliyempigia simu, nilipomuuliza mambo ya Mapinduzi ya 1964, aliniambia, "Mwanangu, hayo tuyaache," akakata. Nibadilishe mada?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Mada usibadilishe. Badilisha swali la kwanza, maana hata mimi nililikosea.

Mwaka 1996 nilifika Maskati na redio yangu ya kaseti. Bibi mmoja mzaliwa wa Ng'ambo, mjini Unguja, alinikaribisha kwa kahawa na halua, tukazungumza vizuri. Nikaiweka redio mezani, nikabonyeza, nikamuuliza Mapinduzi yalimkuta wapi. Alichukua ncha ya kanga yake akaifunika ile redio, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Kisha akaniuliza habari za mama yangu. Siku ya nne nilirudi mikono mitupu, nikamkuta jikoni, nikakaa kwenye mbuzi nikamkunia nazi. Hapo ndipo aliponisimulia, bila kuulizwa, jinsi kaka yake alivyotoka asubuhi ya Januari 12 kwenda kutazama kelele ni za nini, asirudi.

Hao wazee wamehama zaidi ya mara moja. Wengi walipitia Dubai, Kuwait au Cairo, kwa kuwa Oman ya Sultani Said bin Taimur haikuwafungulia mlango kirahisi, hadi mwanawe Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 akawaita Waomani wa nje warudi. Na waliporudi wakaitwa Wazinjibari, yaani watu wa Zanzibar! Anzia huko: kazi ya kwanza Maskati, shule, lugha ya nyumbani. Utamsikia bibi akiuliza kwa Kiswahili na mjukuu akijibu kwa Kiarabu. Hapo una sura nzima ya tasnifu.

Wiki tatu zitatosha usipozimaliza kutafuta watu. Familia nyingi zina ndugu Unguja na Pemba. Barua ya chuo na kibali vitafute, lakini salamu za shangazi mtu kutoka Wete ndizo zitakazokuingiza ndani.

Kuhusu msimamizi, acha barua pepe. Nenda ofisini na kurasa mbili mkononi, umwombe azisome ukiwa umekaa mbele yake. Nanyi wasimamizi wenzangu, nawaomba sana: kijana anayekwenda kusikiliza misiba ya watu apigiwe simu kila wiki. Usiku ule wa kisa cha yule bibi nililia peke yangu hotelini, na chuoni hakuna aliyewahi kuniuliza nilisikia nini.

Niandikie tena, nikuunganishe na mwenyeji wangu wa Ruwi, hapo Maskati. Na ukirekodi, kila mzee apate nakala yake mapema. Kaseti ya yule bibi, ile aliyokubali mwishoni, niliipeleka baada ya miaka miwili. Aliipokea mwanawe; mama alikuwa keshazikwa.