Siku moja Mantova: jumba la Gonzaga, maiti juu ya kiboko, na hadithi zipi uziamini

Mkuu, umesema una siku moja ya ziada kati ya Verona na Milano, utakuwa na binti yako wa miaka kumi, Venice mmeshaichoka, na unataka jumba moja la kale "lenye stori". Wadau wamekupa Florence na Roma. Kwa siku moja hiyo ni kujitesa. Mimi naishi Verona, na ndugu wakija na swali kama lako huwa nawapeleka Mantova, mji wa kale wa kaskazini mwa Italia.

Treni kutoka Verona haifiki saa nzima. Kutoka Milano weka kama saa mbili. Ukishuka, tembea kwa miguu robo saa au dakika ishirini hadi Piazza Sordello, uwanja mrefu uliotandikwa mawe, ambao upande wake mmoja umeshikwa na Palazzo Ducale. Hapo ndipo walipoishi Gonzaga, ukoo uliotawala mji huu tangu 1328 hadi mwanzoni mwa karne ya 18. Usitarajie nyumba moja. Ni ngome, kumbi, kanisa, nyua na bustani zilizounganishwa kizazi baada ya kizazi, kila mtawala akiongeza chake, hadi vyumba vikapita 500. Mtu akiingia bila kujua anatafuta nini, chumba cha thelathini anaanza kuangalia saa. Kwa hiyo ingia na hadithi chache kichwani, kisha uzipime humohumo ndani. Zipo za kweli, zipo za kubuni, na zipo ambazo mtu alichukua ukweli akautia chumvi.

Ya kwanza ina ushahidi wa picha. Tafuta turubai kubwa lililochorwa na Domenico Morone mwaka 1494. Linaonyesha mapigano katika uwanja uleule uliotoka kuupita. Hata kanisa kuu limo, ila kwa sura yake ya zamani, maana uso wa sasa ulijengwa karne ya 18. Tukio lenyewe ni la tarehe 16 Agosti 1328. Mji ulikuwa chini ya ukoo wa Bonacolsi, na mtawala wake aliitwa Rinaldo, maarufu kwa jina la Passerino. Luigi Gonzaga, tajiri wa mashamba, akala njama pamoja na wanawe, na Cangrande della Scala, bwana wa Verona, akawapa askari. Passerino alitoka na farasi kwenda kutuliza fujo, akajeruhiwa, na inasimuliwa kwamba farasi alipomrudisha mbio alijigonga kichwa langoni, akafa. Gonzaga wakachukua mji. Angalia pia nani aliyelipia picha hiyo: ni Gonzaga wenyewe, zaidi ya miaka 160 baadaye. Mapinduzi yao waliyaona fahari ya kutundika ukutani.

Hawakuishia hapo. Maiti ya Passerino ilikaushwa, ikahifadhiwa, na mwishowe ikawekwa katika mkusanyiko wao wa maajabu pamoja na wanyama waliokaushwa na vitu vya ajabu kutoka kila pembe. Wageni wa karne ya 17 waliandika jinsi walivyoikuta: imepandishwa mgongoni mwa kiboko. Ndiyo, kiboko, ndugu wa hawa wa kwetu Rufiji. Hebu fikiria unaalikwa chakula cha jioni kwa mtawala, kisha anakutembeza kukuonyesha adui wa babu yake akiwa juu ya mnyama wa mtoni.

Hadithi wanayoipenda wenyeji ni kwamba mtabiri aliwaonya Gonzaga: siku mtakapoitoa maiti hii jumbani, utawala utawatoka. Vizazi vikapita, hakuna aliyethubutu. Mwishoni akaja mke wa Ferdinando Carlo, mtawala wa mwisho. Bibi huyo akachoka kuishi na maiti, akaamuru itupwe ziwani. Muda si mrefu, Gonzaga wakaanguka.

Tamu sana, lakini mimi tarehe zinanikwamisha. Maiti ilikuwa bado ipo mwaka 1627, pale Vincenzo II, mtawala wa wakati huo, alipouza sehemu kubwa ya hazina ya picha za ukoo kwa Charles I wa Uingereza kwa sababu ya madeni. Ilikuwepo pia Julai 1630, askari wa Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi walipouvunja mji, wakapora jumba, na tauni ikafyeka watu. Mapigo mawili makubwa kuliko yote yaliwakuta Passerino akiwa bado anawalinda juu ya kiboko wake. Anguko la mwisho nalo lina maelezo ya kawaida kabisa: Ferdinando Carlo aliiuza ngome ya Casale kwa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, mwaka 1681, baadaye akawaunga mkono Wafaransa katika vita vya kugombea kiti cha Hispania, na Kaisari akamhesabu msaliti. Akakimbia, akafia Padova mwaka 1708, na Mantova ikawa ya Wahabsburg, ukoo uliotawala Austria. Ukimlaumu bibi kwa kutupa maiti, unamsamehe mumewe dhambi zote bure.

Kiboko wa Gonzaga lakini si hadithi. Yupo mpaka leo, Pavia, katika makumbusho ya chuo kikuu yanayoitwa Kosmos. Pavia ni karibu sana na Milano kwa treni, kwa hiyo binti akimpenda mnyama huyo mnaweza kwenda kumwona siku nyingine.

Sasa chumba kinachostahili nauli yote. Kiko ndani ya ngome ya San Giorgio, iliyojengwa kati ya 1395 na 1406, na unakipanda kwa njia ya mzunguko isiyo na ngazi, iliyotengenezwa ili hata farasi apite. Kinaitwa Camera Picta, au Camera degli Sposi. Si kikubwa, kama mita nane kwa nane. Andrea Mantegna alikichora kuanzia 1465 hadi 1474. Ukutani yumo Ludovico Gonzaga, mtawala wa wakati huo, amekaa na barua mkononi, mkewe Barbara wa Brandenburg, watoto, watumishi, mwanamke mfupi wa kimo aliyekukazia macho, na chini ya kiti cha bwana amelala mbwa wake mzee. Hakuna anayetabasamu. Mchoraji amejificha pia: tafuta uso wa mwanamume katikati ya majani yaliyopambwa kwenye nguzo ya kuchora. Mpe binti yako kazi hiyo, atatulia.

Kisha inua kichwa. Katikati ya dari Mantegna amechora tundu la mviringo lenye anga, na wewe unajikuta kama umo ndani ya kisima, watu wamezunguka ukingo wakikuchungulia. Wapo malaika watoto, tausi, wanawake wanaocheka, na beseni lililopandwa mti limewekwa juu ya kijiti kimoja kana kwamba litakuangukia. Miongoni mwa wanaochungulia yupo mtu mweusi aliyejifunga kilemba.

Hapo mimi husimama. Waongozaji wengi humpitia haraka: "mtumishi wa Kiafrika," halafu wanarudi kwenye ustadi wa kuchora anga. Jina lake halikuandikwa popote chumbani, ilhali jina la mbwa tunalijua, Rubino, na alipokufa Ludovico alimzika na kumwekea jiwe la kaburi. Hiyo ni kumbukumbu ya barua zao wenyewe. Na barua hizo zina zaidi. Isabella d'Este, mwanamke msomi ambaye kila kijitabu cha watalii kinamsifu, aliolewa hapa mwaka 1490. Mwaka uliofuata alimwagiza wakala wake wa Venice amtafutie mtoto wa kike Mwafrika, mdogo sana wa umri, na akataka awe mweusi kadiri iwezekanavyo. Mtoto aliagizwa kwa barua, kama wanavyoagiza bidhaa. Yule wa darini alichorwa miaka mingi kabla, kwa hiyo si huyo mtoto. Lakini ukisimama pale ukijua habari ya barua, hutamtazama kama pambo la mchoro. Kwangu mimi hiyo ndiyo stori nzito kuliko zote za jumba hili, na wala haina mzimu.

Kuhusu binti: umri huo anaweza kuelewa, mweleze tu kwa maneno yako kabla ya kuingia, maana ndani muda mnaopewa ni mfupi.

Halafu kuna "nyumba ya watu wafupi". Ni vyumba vidogo vyenye ngazi fupi na dari za chini, na kwa muda mrefu wageni waliambiwa kwamba ndimo walimokaa watumbuizaji wafupi wa kimo wa mtawala. Waliokuwepo jumbani ni kweli, yule wa ukutani ni shahidi. Vyumba ndivyo si vyao. Wanahistoria walikuja kuonyesha kwamba ni nakala ndogo ya Scala Santa, ngazi takatifu ya Roma, na ilijengwa kwa amri ya Ferdinando Gonzaga, aliyekuwa kardinali kabla ya kurithi utawala. Yaani ni mahali pa kusali, ukipanda kwa magoti. Hadithi ya zamani ingali inasimuliwa kwa sababu inachekesha watalii. Ukimsikia mtu anaisimulia kama ukweli, usibishane, tabasamu upite.

Mzimu wenyewe, kama ulikuwa unausubiri, ni wa Agnese Visconti. Mumewe, Francesco I Gonzaga, alimshtaki kwa uzinzi na mtu aitwaye Antonio da Scandiano. Mwaka 1391 Agnese akakatwa kichwa na Antonio akanyongwa. Wenyeji husema bado anazunguka usiku karibu na jumba. Lakini tazama siasa: baba yake, Bernabò, alipinduliwa Milano mwaka 1385 na mpwa wake mwenyewe, Gian Galeazzo Visconti, na Francesco alikuwa anataka urafiki na mtawala huyo mpya. Mke aliyemchukia mshirika wa mumewe alikuwa mzigo. Uzinzi ulikuwepo au haukuwepo, kesi ilikuja wakati muafaka mno.

Ile unayoweza kuidhania ya kubuni, kumbe ni ya kweli, ni ya Felice Orsini, mwanamapinduzi wa Kiitaliano. Karne ya 19 Waustria waliigeuza ngome ya San Giorgio kuwa gereza la wanasiasa. Mwaka 1856 Orsini alikata nondo za dirisha kwa msumeno, akafunga mashuka, akateremka ukutani usiku. Akaumia mguu lakini akaponyoka. Miaka miwili baadaye alirusha mabomu Paris akijaribu kumuua Napoleon III, mtawala wa Ufaransa. Ukiwa nje upande wa ziwa, hesabu madirisha ya juu uone alivyokuwa na roho ngumu.

Wafaransa nao waliacha alama. Rubens alikuwa mchoraji wa hapa kuanzia 1600, na turubai lake kubwa la familia ya Gonzaga ikisali mbele ya Utatu lilikatwa vipandevipande wakati wa majeshi ya Napoleon. Vilivyookolewa vimerudishwa pamoja ukumbini, na mapengo yanaonekana. Usiache kulitazama.

Mambo ya kawaida sasa. Jumatatu jumba hufungwa, usije ukaharibu siku. Camera Picta ina kikomo cha watu wanaoingia kwa mkupuo, hivyo nunua tiketi mapema mtandaoni na uhakikishe inajumuisha ngome. Tetemeko la ardhi la 2012 lilisababisha chumba hicho kufungwa hadi 2015, na mpaka leo wako makini. Vaa viatu vya kutembelea, saa tatu ni kiasi cha kawaida. Mji umezungukwa na maziwa matatu ya mto Mincio, na kiangazi mbu wake hawana adabu. Beba dawa ya kupaka.

Mkitoka, makumbusho ya akiolojia yako hapohapo jirani, Piazza Castello. Mle wamo "wapenzi wa Valdaro", mifupa ya vijana wawili iliyofukuliwa mwaka 2007 nje kidogo ya mji, wametazamana na mikono imeshikana, wana kama miaka 6,000. Watoto huganda pale.

Usijaribu kuongeza Palazzo Te siku hiyohiyo kama una mtoto. Ni jumba lingine la Gonzaga, upande wa pili wa mji, lenye chumba cha majitu kilichochorwa na Giulio Romano. Zuri, lakini mtafika mmeshachoka na hamtaona kitu.

Chakula: kama hamli nguruwe, kuweni waangalifu, maana risotto ya kwao huwekwa soseji, na kuna mchuzi wa nyama ya punda unaosifiwa sana. Agiza tortelli di zucca, tambi za kujazwa boga, siagi na majani ya sage juu. Zina utamu, wengine haziwaingii. Mimi namaliza sahani. Nunueni na sbrisolona, keki kavu ya lozi inayomeguka. Inastahimili safari, hata kwenye begi la mtoto.

Ukishajua tarehe, andika hapa. Kama si Jumatatu na sina zamu kazini, nitawapokea stesheni.